Muziki Uliotungwa Papo Hapo na Istilahi Zake: Historia Fupi ya Minaso ya Jazi Huru

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya santuri na tepe za jazi iliyotungwa na watu wengi kwa pamoja, papo hapo, pasipo kuandikwa kwanza. Kisha tuulize ni istilahi zipi za Kiswahili zinazoufaa muziki huo. Jambo hili laweza kuonekana kuwa liko mbali na kazi za mfasiri wa wizara au mwalimu wa sekondari. Lakini mtu aliyepewa kutafsiri orodha ya maktaba ya sauti, mkataba wa haki za wasanii au mtaala wa sanaa za maonyesho huelekea kukutana na dhana ya kupiga muziki pasipo matayarisho, naye huelekea kuitafsiri hivyo hivyo ilivyo: muziki “usioandaliwa”, “wa kubahatisha”, “usio na kanuni”. Tafsiri hizo zote zinautambulisha muziki kwa kile ambacho hauna. Hoja yetu ni kwamba historia ya minaso yenyewe inazikanusha. Aidha, kosa la istilahi hapa si dogo, kwani linagusa swali la nani ahesabiwe kuwa mtunzi, na linagusa kile kitakachobaki siku sauti yenyewe itakapopotea.

Yafaa tuanze na neno jazi, maana kwetu lina historia yake. Katika miji ya Afrika Mashariki na Kongo neno hili lilikuwa sehemu ya majina ya bendi za dansi. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, na kule Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, OK Jazz iliyoundwa mwaka 1956, zote zilipiga muziki wa magitaa na waimbaji kwa ajili ya wachezaji ukumbini. Matumizi hayo ni halali, nayo yamekwisha kuota mizizi. Lakini msomaji wetu akikuta maneno “jazi huru” pasipo maelezo, aghalabu atafikiri kwanza juu ya bendi ya dansi. Na akikuta “jazi ya bure”, kama ilivyo rahisi kwa mfasiri mwenye haraka kuandika, atadhani kwamba hakuna kiingilio mlangoni.

Jazi tunayoizungumzia hapa ni muziki wa Wamarekani weusi uliokua New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20. Tangu zamani hizo tarumbeta, klarineti na tromboni zilisikika kwa wakati mmoja, kila moja ikitunga njia yake juu ya wimbo uliojulikana na wote. Kwa hiyo kutunga kwa pamoja si jambo lililozuka ghafula katika miaka ya 1960. Lililokuwa jipya ni kuuondoa ule wimbo uliojulikana, pamoja na mfuatano wa sauti zake na mapigo yake yaliyohesabiwa, na kuwaachia wapigaji kazi ya kuujenga muziki wote kwa kusikilizana.

Miongoni mwa minaso ya mwanzo ya jaribio hilo ni ile ya tarehe 16 Mei 1949, wakati mpiga piano Lennie Tristano na wenzake walipoinasia kampuni ya Capitol vipande viwili vilivyoitwa “Intuition” na “Digression”. Hapakuwa na wimbo wala ufunguo uliokubaliwa. Kilichopangwa kilikuwa utaratibu wa kuingia tu: nani aanze, nani amfuate. Hata hivyo watu hao hawakuwa wageni wao kwa wao. Lee Konitz na Warne Marsh, wapiga saksafoni wa kundi hilo, walikuwa wanafunzi wa Tristano, na masikio yao yalikuwa yamefundishwa kusikia jambo moja. Kampuni haikuvutiwa sana na matokeo. Kipande cha pili hakikutolewa kwa umma hadi mwaka 1954. Hapa basi tunaona kwamba muziki huu haukuwa muziki “usioandaliwa”. Matayarisho yalikuwapo, na yalikuwa ya miaka. Yalikuwa matayarisho ya watu, wala si ya karatasi.

Mwaka 1960 ndio uliolileta neno huru mbele, na kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili mwaka huo una ushahidi wa pekee. Mwezi Novemba mpiga piano Randy Weston alinasa mjini New York kazi yake Uhuru Afrika, iliyopangwa kwa ajili ya bendi kubwa na Melba Liston, pamoja na maneno ya mshairi Langston Hughes. Sehemu yake ya mwanzo inaitwa “Uhuru Kwanza”, na ndani yake inasikika sauti ya Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akinena Kiswahili. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado mwaka mmoja kabla ya kupata uhuru wake. Miongoni mwa wapiga tarumbeta wa kazi hiyo alikuwamo kijana Freddie Hubbard.

Tarehe 21 Desemba ya mwaka huo huo, na katika mji huo huo, Hubbard aliingia tena studioni, safari hii na Ornette Coleman. Kampuni ya Atlantic iliitoa santuri yao mwaka 1961 kwa jina la Free Jazz, na chini yake maelezo kwamba ni utungaji wa pamoja. Vikundi viwili vya watu wanne wanne vilipiga kwa wakati mmoja kwa muda wa dakika 37 hivi. Upande wa kushoto wa sauti wanasikika Coleman mwenyewe, Don Cherry, Scott LaFaro na Billy Higgins. Upande wa kulia Eric Dolphy, Hubbard, Charlie Haden na Ed Blackwell.

Basi katika muda wa wiki chache masikio ya mtu mmoja yalipitiwa na uhuru wa namna mbili. Uhuru wa Weston ni ule tunaoujua: kutoka katika kutawaliwa na kujitawala. Uhuru uliomo katika jina la santuri ya Coleman ulichukuliwa na waandishi wengi wa magazeti kuwa ni kutokuwa na kanuni. Lakini anayeisikiliza kazi hiyo kwa makini ataona kwamba si hivyo. Kuna vipande vifupi vilivyotungwa kabla, ambavyo kundi zima huvipiga ili kumkaribisha kila mpigaji anayeongoza kwa zamu yake. Wenzake hawanyamazi wakimngojea. Wanamjibu, wanamkatiza, wanalichukua wazo lake na kulipeleka kwingine. Hiyo ni kanuni, ila ni kanuni ya mazungumzo. Kwa hakika maana ya kwanza ya huru katika Kiswahili, yaani mtu asiye mtumwa, inaueleza muziki huu vizuri kuliko maana ya kutokuwa na utaratibu. Mtu huru hakosi wajibu kwa wenzake. Anachokosa ni bwana wa kumwamuru.

Wapo waliokuwa wakitafuta njia hiyo hiyo mahali pengine, nao walitumia majina mengine. Mpiga saksafoni Joe Harriott, mzaliwa wa Jamaica aliyehamia London, alinasa santuri yake Free Form mwezi Novemba 1960, kabla ya kazi ya Coleman kunaswa. Jina lake linanena juu ya umbo lililo huru, wala si juu ya jazi iliyo huru, na tofauti hiyo ina uzito: umbo lipo, lakini halikufungwa kabla.

Mfano wa pili mkubwa unatufundisha juu ya istilahi za minaso yenyewe. Tarehe 28 Juni 1965 John Coltrane aliwakusanya wanamuziki kumi pamoja naye katika studio ya Rudy Van Gelder huko New Jersey. Miongoni mwao alikuwamo John Tchicai, aliyezaliwa Copenhagen kwa mama wa Denmark na baba wa Kongo. Walipiga kazi iliyoitwa Ascension mara mbili, kila mara kwa muda wa dakika 40 hivi, kundi zima likibadilishana na mpigaji mmoja mmoja. Kampuni ya Impulse iliitoa santuri mwaka 1966 ikiwa na upigaji mmoja. Baadaye Coltrane akaona kwamba ni ule mwingine unaostahili kusikika. Kampuni ikaubadilisha muziki ndani ya santuri, lakini jalada likabaki lile lile na namba ya orodha ile ile. Alama iliyoonyesha badiliko hilo ilikuwa maneno yenye maana ya “toleo la pili” yaliyochorwa katika santuri yenyewe, karibu na kibandiko cha katikati.

Mkutubi anayeandika “Ascension, Coltrane, 1965” na kuishia hapo atakuwa hajaeleza ni kazi ipi aliyo nayo mkononi. Ingekuwa ni simfonia iliyoandikwa, kosa lingekuwa dogo, kwani pigo moja na jingine ni tafsiri mbili za karatasi moja. Katika muziki uliotungwa papo hapo kila upigaji ni utungo wake. Mfuatano wa wapigaji katika matoleo hayo mawili si mmoja. Kwa hiyo twahitaji maneno matatu, nasi twapendekeza haya. Mnaso uwe ni tendo moja la kupiga na kunasa, tangu mwanzo hadi mwisho. Toleo liwe ni kile ambacho kampuni imekipeleka kwa umma. Nakala iwe ni kila utepe au santuri iliyotokana na utepe wa kwanza. Namba ya toleo hufuata mpango wa kutolewa kwa umma, na haitupi idhini ya kudhani kwamba huo ndio mpango wa kunaswa. Vivyo hivyo kwa Coleman: mbali na ule wa dakika 37, kulikuwa na mnaso wa kwanza wa dakika 17 hivi, ambao haukutolewa hadi mwaka 1971.

Tukija Chicago tunakuta jambo litakalowafurahisha wasanifu wa lugha. Mwezi Mei 1965 wanamuziki weusi wa upande wa kusini wa mji huo, wakiitwa na Muhal Richard Abrams, Jodie Christian, Steve McCall na Phil Cohran, walikutana kuunda ushirika wao, ambao hujulikana kwa kifupisho cha AACM. Mikutano hiyo ya mwanzo ilinaswa katika tepe. Mwanahistoria na mpiga tromboni George Lewis, ambaye mwenyewe ni mwanachama, alizitumia tepe hizo katika kitabu chake cha mwaka 2008. Ndani yake wanasikika wanamuziki wakibishana juu ya istilahi: muziki “wa asili yetu wenyewe”, ambao chama kingeupiga, maana yake nini hasa? Je, ni ule ambao mtu ameuandika mwenyewe, au hata ule anaoutunga akiwa anapiga? Kikao kama hicho kingeweza kuwa kikao cha kamati yoyote ya istilahi. Katika jina la chama neno jazi halimo. Limo neno lenye maana ya uumbaji. Baadaye kundi lililotokana na chama hicho, Art Ensemble of Chicago, liliutangaza muziki wake kuwa muziki mkuu wa watu weusi, nalo pia likakwepa kufungwa na neno jazi.

Uamuzi wa namna hiyo ulifikiwa pia Ulaya kwa njia nyingine. Mwaka 1967 Misha Mengelberg, Han Bennink na Willem Breuker waliunda mjini Amsterdam chombo walichokiita Instant Composers Pool. Mfasiri asiyejihadhari ataweka “bwawa” mahali pa neno la mwisho, ilhali maana yake ni mfuko wa pamoja, yaani ushirika. Lakini lenye thamani kubwa kwetu ni maneno mawili ya kwanza: watungaji wa papo hapo. Watu hao walikataa kuambiwa kwamba kutunga ni kazi moja na kupiga pasipo karatasi ni kazi nyingine iliyo chini yake. Walidai kwamba zote mbili ni kutunga, na tofauti yake ni muda tu.

Dai hilo lina ugumu katika Kiingereza na lugha jirani zake, ambamo tendo la kutunga muziki kwa karne kadhaa limefikiriwa pamoja na tendo la kuandika. Katika Kiswahili ugumu huo haupo. Mtunzi wetu hahitaji kalamu. Katika gungu la pwani malenga alitoa fumbo lake mbele ya watu, na mwenzake alitakiwa kulifumbua kwa shairi. Katika ngoma nyingi za bara mwongoza wimbo hutunga ubeti akiwatazama waliohudhuria, na kiitikio cha wengine humpa nafasi ya kuutafuta ubeti unaofuata. Hakuna aliyewahi kusema kwamba hao si watunzi kwa sababu hawakuandika.

Kwa ajili hiyo inashangaza kidogo kuona kile kilichotokea Wamarekani walipolichukua neno kutoka kwetu. Kundi la mpiga piano Herbie Hancock, ambalo katika miaka ya 1970 hadi 1973 lilichanganya nyimbo zilizoandikwa na utungaji mrefu wa pamoja, lilijipa majina ya Kiswahili. Hancock akaitwa Mwandishi, na santuri yao iliyotoka mwaka 1971 ikabeba jina hilo. Mpiga besi Buster Williams akaitwa Mchezaji. Yaelekea waliotafuta majina hayo walifuata neno la Kiingereza hadi katika Kiswahili. Kwetu anayepiga besi ni mpigaji, na mchezaji ni yule aliyesimama kucheza ngoma au anayecheza mpira. Na aliyeumba muziki ni mtunzi, ilhali mwandishi ni yule aliyeandika. Hatusemi hayo kwa kuwalaumu, kwani heshima waliyoipa lugha hii ilikuwa kubwa. Twayasema kwa kuwa mfasiri wa leo anaweza kupita njia ile ile kwa upande wa pili, akamwandika mtunzi wa papo hapo kuwa si mtunzi.

Kosa hilo lina gharama. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1909, aliyetaka kuandikisha utungo wa muziki serikalini alipaswa kuwasilisha nota zilizoandikwa. Santuri au utepe havikukubaliwa kuwa nakala ya utungo. Hali hiyo haikubadilika hadi sheria ya mwaka 1976 ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 1978. Kwa muda wote wa minaso tuliyoitaja, basi, sheria ilimwona mwandishi na haikumwona mtunzi wa papo hapo. Katika Free Jazz utungo umeandikwa kwa jina la Coleman peke yake, ingawa watu wanane walikuwa wakitunga. Yawezekana kumtetea Coleman: wazo lilikuwa lake, na vipande vya kuunganisha vilikuwa vyake. Lakini orodha isiyo na istilahi ya utungaji wa pamoja haimpi msomaji hata nafasi ya kuuliza swali hilo.

Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hakimiliki ni ya mtunzi, na hakishiriki inamlinda, miongoni mwa wengine, mtendaji anayeipiga au kuiimba kazi. Anayetunga papo hapo ni wote wawili kwa wakati mmoja. Ofisa anayemwandika kuwa “mpigaji” tu katika fomu amemwondolea fungu moja kwa neno moja.

Limebaki jambo la mwisho, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Mwezi Februari 1978 ghala la kampuni ya Atlantic huko Long Branch, New Jersey, liliungua. Maelfu ya tepe yaliteketea, na miongoni mwake minaso ya Coleman ambayo haikuwa imetolewa kwa umma. Simfonia ikiungua katika utepe, nota zake zipo na okestra nyingine itaipiga. Muziki uliotungwa papo hapo ukiungua hakuna karatasi ya kurudia. Kinachosalia ni maandishi ya daftari: tarehe, namba, jina la kipande, majina ya waliokuwapo, na neno au maneno mawili ya kueleza kilichofanyika. Aliyeyaandika maneno hayo pengine alidhani kwamba anaandika kibandiko tu. Sasa kibandiko ndicho kilichobaki. Tepe zilizopo katika hifadhi zetu, za ngoma, za taarabu na za mashairi ya kujibizana, zinakabiliwa na hatari zile zile za moto, unyevu na kuchakaa.

Kwa hiyo twayaleta mapendekezo haya mbele ya wasomaji wapate kuyapima. Kitendo chenyewe kiitwe utungaji wa papo hapo, na zao lake utungo wa papo hapo. Maneno “bila matayarisho” na “kubahatisha” yaachwe. Watu wanapotunga kwa wakati mmoja paandikwe utungaji wa pamoja. Wanapopokezana paandikwe utungaji wa zamu. Na mahali ambapo yote mawili yamo, kama katika Free Jazz na Ascension, yatajwe yote mawili. Jazi huru libaki kuwa jina la mtindo mmoja wa kihistoria, kwani limekwisha kuenea, lakini lisitumiwe kueleza namna muziki ulivyofanywa. Mnaso, toleo na nakala vitofautishwe. Na katika nafasi ya mtunzi yaandikwe majina ya wote waliotunga, pamoja na chombo cha kila mmoja na upande wa sauti anakosikika ikiwa wanasikika pande mbili. Kwani anayeihamisha santuri kama ya Coleman katika mkondo mmoja wa sauti anavichanganya vikundi viwili visiweze kutenganishwa tena.

Huenda wasomaji wakawa na maneno bora kuliko haya, hasa walio karibu na ngoma na malenga wa sehemu zao. Twawaomba wayatume, pamoja na mfano wa jinsi yanavyotumika katika sentensi.